Kichaa cha Mtawala, Akili ya Mtawaliwa: Songea na Historia ya Kisingizio

Swali la iwapo ugonjwa wa akili hutumiwa kuwa kisingizio cha mwenendo mbaya limekuwa sehemu ya mazungumzo yetu ya kila siku. Mkuu wa ofisi anayewatukana walio chini yake huombewa radhi kwa maelezo kwamba ana msongo wa mawazo. Mume anayempiga mkewe hutetewa na ndugu zake kuwa akikasirika hajitambui. Kwa upande mwingine wapo waliokwisha kuchoshwa na utetezi wa namna hiyo, nao wamefikia kusema kwamba habari zote za sonona na wasiwasi ni uvivu uliovikwa joho la kitabibu. Makundi haya mawili hubishana kana kwamba jambo lenyewe limezaliwa jana, pamoja na semina na mabango ya afya ya akili.

Jambo hili si jipya. Lilijadiliwa kwa ukali nchini Ujerumani katika miaka ya 1890, na sehemu ya kilichojadiliwa ilikuwa matendo yaliyofanywa katika ardhi yetu. Lilikuwapo pia, ingawa halikutajwa kwa jina, mbele ya vitanzi vya Songea mwaka 1906. Anayetaka kulielewa leo atafaidika akianzia huko.

Makala haya yanatetea hoja moja. Kuuliza iwapo ugonjwa wa akili hutumiwa kuwa kisingizio ni kuuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni hii: nani hupewa kisingizio hicho, na nani hunyimwa? Historia yetu inajibu kwamba kwa muda mrefu neno kichaa lilikuwa msamaha kwa mwenye nguvu na kashfa kwa mnyonge. Tusipoijua historia hiyo, tutairudia katika ofisi zetu, mahakama zetu na nyumba zetu.

Maradhi ya mabwana

Mwaka 1891, Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 akikusanya mikataba ya hadaa, aliwekwa kuwa kamishna wa dola ya Ujerumani katika eneo la Kilimanjaro. Mwezi Oktoba mwaka huo aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wa kituo chake aliyeitwa Mabruk. Mwezi Januari 1892 akaamuru kunyongwa kwa msichana aliyeitwa Jagodia, aliyekuwa amewekwa kituoni hapo kama hawara. Peters alidai kwamba mmoja alikuwa mwizi na mwingine alikula njama na adui. Habari zilizofika Ulaya zilitaja sababu nyingine, nayo ni wivu. Waafrika walimpa jina lililobaki hadi leo: Mkono wa Damu.

Machi 1896, August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti wa Ujerumani, alilifikisha suala hilo bungeni, na nchi nzima ikatikisika. Peters hakuwa peke yake. Nchini Kamerun, kaimu gavana Heinrich Leist alikuwa amewachapa viboko wake za askari wenye asili ya Dahomey, na askari hao wakaasi Desemba 1893. Wajerumani wa kawaida walijiuliza inakuwaje vijana wa kwao, waliosoma na kulelewa katika familia za heshima, wakifika Afrika hugeuka kuwa wauaji.

Jibu moja lililopata umaarufu lilikuwa neno moja la Kijerumani, Tropenkoller. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita kichaa cha nchi za joto. Maana yake ni kwamba jua kali, homa, upweke na pombe humvuruga Mzungu akili, akatenda ambayo asingeyatenda akiwa kwao. Mwaka 1896, Frieda von Bülow, mwandishi aliyewahi kuishi Afrika Mashariki na aliyekuwa karibu na Peters, alichapisha riwaya yenye neno hilo kuwa jina lake. Wakosoaji wa ukoloni walilitumia kwa kejeli. Lakini waliotaka kuulinda ukoloni waliliona kuwa linafaa, maana liliwaondolea mzigo mkubwa. Likikubaliwa, basi kosa si la mfumo unaompa mtu mmoja mamlaka ya kukamata, kuhukumu na kunyonga. Kosa ni la hali ya hewa.

Tuutazame ugonjwa huo kwa makini. Homa ilikuwapo kweli, na ulevi ulikuwapo kweli. Hakuna haja ya kukana kwamba mtu aliyeugua malaria mara kwa mara, akaishi peke yake miezi mingi, huweza kudhoofika akili. Lakini kichaa cha nchi za joto, kama kilivyoelezwa katika kashfa hizo, kilichagua mahali pa kupiga. Kiliwashukia walio chini ya ofisa: mtumishi, hawara, mpagazi, mke wa askari. Ofisa yuleyule aliyesemekana kuwa haujui ubaya wa tendo lake alijua vizuri nani apigiwe saluti na nani apigwe viboko. Ghadhabu inayotambua vyeo ina akili ndani yake.

Peters mwenyewe hakutaka kuitwa mgonjwa. Alisisitiza kwamba alitimiza wajibu. Mwaka 1897 alifukuzwa katika utumishi kwa njia ya nidhamu. Hakushtakiwa kwa mauaji. Mwaka 1905 Kaisari Wilhelm II alimrudishia haki ya kutumia cheo chake cha zamani, na mwaka 1937, miaka mingi baada ya kifo chake, Adolf Hitler alimsafisha kabisa.

Kesi iliyoonyesha wazi zaidi namna kisingizio hiki kilivyofanya kazi ilitoka katika koloni jingine la Ujerumani, Afrika ya Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo. Mwaka 1899, luteni mmoja wa ukoo wa kifalme, Prosper von Arenberg, alimuua kikatili Willy Cain, mtu wa asili mchanganyiko. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Kaisari akaibadili adhabu hiyo kuwa kifungo cha miaka 15. Kisha kesi ikafunguliwa upya, na mwaka 1904 mahakama ikamwachia kwa kukubali kwamba alipotenda hakuwa na akili timamu. Mtu huyo alikuwa amekabidhiwa silaha, askari na mamlaka juu ya maisha ya watu, na jeshi halikuona shaka yoyote juu ya akili yake. Kichaa kilionekana alipofikishwa mbele ya sheria.

Inawezekana Arenberg alikuwa mgonjwa kweli, na huo si ubishi wangu. Mwaka huo wa 1904 dola ya Ujerumani ilithibitisha kwamba ilikuwa na sheria, madaktari na subira ya kuuliza kuhusu muuaji: je, alijua anachokitenda? Ilijua kuuliza swali hilo. Miaka miwili baadaye, Songea, haikuuliza.

Songea, Februari 1906

Mji wetu umebeba jina la mtu aliyenyongwa. Nduna Songea Mbano alikuwa mmoja wa wakuu wa vita wa Wangoni wa Njelu, ambao Nkosi wao alikuwa Mputa Gama. Kaskazini yao walikuwa Wangoni wa Mshope chini ya Nkosi Chabruma. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1897, na tangu hapo watawala hao walipoteza hatua kwa hatua kila kilichowafanya kuwa watawala: haki ya kuhukumu, haki ya kutoza, haki ya kuamuru vita na amani. Kodi ya mwaka 1898, rupia 3 kwa kila nyumba, iliongeza uchungu, pamoja na kazi za kulazimishwa na kiboko kilichozisimamia.

Vita vya Majimaji vilianzia Umatumbi. Tangu mwaka 1902 serikali ilikuwa imelazimisha mashamba ya pamoja ya pamba katika wilaya za kusini, ambako watu walifanya kazi ngumu kwa malipo ya dhihaka. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba, na tendo hilo likawa tangazo la vita. Mwaka mmoja kabla, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa amepagawa na pepo aliyeitwa Hongo na kuanza kugawa dawa ya maji iliyoaminiwa kuwa ingezizuia risasi. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Dawa ilikwisha kusafiri. Iliwafikia Wangoni kwa mkono wa mjumbe Omari Kinjala, na mwezi Septemba wao pia wakawa vitani.

Hapa tuangalie lugha. Kwa watu wa Ngarambe, kupagawa kwa Kinjikitile kulikuwa chanzo cha mamlaka. Mtu aliyeshukiwa na pepo alikuwa na jambo la kuwaambia wenzake, na wenzake walipima jambo hilo kwa maisha waliyokuwa wakiishi. Serikali ya kikoloni ililisoma jambo hilohilo kwa namna nyingine. Gavana Gustav Adolf von Götzen, katika kitabu chake juu ya vita hivyo alichokichapisha mwaka 1909, aliwapa waganga na ushirikina uzito mkubwa katika kueleza chanzo cha vita. Katika maelezo ya namna hiyo watu hawakuwa na hoja. Walikuwa wamelewa imani, wamedanganywa na waganga, wamepoteza uwezo wa kufikiri. Pamba, kodi na kiboko vikarudi nyuma, na mbele kikabaki kichaa cha umati.

Sasa tufuate mantiki hiyo hadi mwisho wake. Kama ni kweli kwamba Wangoni walivurugwa akili na uchawi, kwamba walikwenda mbele ya bunduki kwa sababu hawakujua wanachokitenda, basi kwa kipimo kilekile kilichomwokoa Arenberg, akili zao zilistahili kuchunguzwa kabla ya shingo zao kutiwa kitanzi. Hakuna aliyefanya hivyo. Mahakama za kijeshi zilizoendeshwa kwa haraka ziliwaona kuwa watu wazima wenye akili timamu, waliotenda kwa kukusudia, na wanaostahili adhabu kamili. Tarehe 27 Februari 1906 zaidi ya wazee na wapiganaji 60 walinyongwa mjini hapa, Nkosi Mputa akiwa miongoni mwao, na wengi wakazikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake.

Lipo jambo jingine la siku hiyo ambalo wanafunzi wangu huliona dogo mpaka walifikirie. Baadhi ya waliohukumiwa walikubali kubatizwa na mmisionari kabla ya kunyongwa. Ubatizo wa mtu mzima unahitaji ridhaa na ufahamu. Huwezi kumbatiza mtu mzima asiyejua anachokubali. Kwa hiyo, ndani ya muda mfupi, watu walewale walihesabiwa kuwa na akili ya kutosha kuingia dini na akili ya kutosha kunyongwa. Walipungukiwa akili pale tu ilipotakiwa kueleza kwa nini walipigana.

Huo ndio mgawanyo ninaoutaka msomaji auone. Ofisa wa Kijerumani alikuwa na akili timamu alipopewa mamlaka, na akawa kichaa alipotakiwa kuwajibika. Mwafrika alikuwa kichaa alipolalamika, na akawa na akili timamu alipotakiwa kuadhibiwa. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ukatili wenye akili timamu

Kuna sababu nyingine ya kutoridhika na maelezo ya kichaa cha nchi za joto. Yanatufanya tutafute uovu kwa watu waliopandwa na hasira, ilhali uovu mkubwa zaidi wa vita hivi ulitendwa kwa utulivu.

Waliokufa kwa risasi na kitanzi ni sehemu ndogo ya waliokufa. Sehemu kubwa waliuawa na njaa, na njaa hiyo ilikuwa mkakati. Vikosi vilichoma vijiji, vikateketeza ghala, vikaharibu mazao mashambani na kuwazuia watu kupanda. Kapteni von Wangenheim, aliyeongoza mapigano kusini, alieleza kwa maandishi kwamba kwa maoni yake njaa na dhiki tu ndizo zingewaleta watu kwenye utii wa mwisho. Makadirio ya serikali ya Ujerumani yalitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya kumbukumbu za wazee kusini mwa Tanzania, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Maeneo makubwa ya Ungoni, Umatumbi na Upangwa yalibaki bila watu, na msitu na wanyama wakachukua nafasi yao.

Hapakuwa na homa katika sentensi za Wangenheim, wala jua lililompiga utosini. Ni maneno ya ofisa aliyepima njia mbili na kuchagua ile iliyo rahisi kwake. Bunge la Ujerumani lilipata tabu kubwa kuhusu Peters kwa sababu aliua watu wawili kwa namna iliyoonekana kuwa ya wazimu. Kuhusu waliouawa na njaa tabu haikuwa kubwa kiasi hicho, kwa sababu waliuawa kwa mpango. Wakati jamii inabishana juu ya kichaa cha mtu mmoja, utaratibu unaozalisha mateso hupita mlango wa nyuma.

Kichaa cha wanaokataa

Tabia ya kuwaita wanaokataa kuwa wagonjwa haikuanza na Majimaji wala haikuishia hapo. Mwaka 1851, daktari mmoja wa Marekani aliyeitwa Samuel Cartwright aliutangazia ulimwengu kwamba amegundua ugonjwa unaowafanya watumwa watoroke. Mtumwa anayetaka uhuru alikuwa, kwake yeye, mgonjwa wa akili. Karne iliyofuata, Umoja wa Kisovieti uliwafungia wapinzani wake katika hospitali za magonjwa ya akili, kwa hoja kwamba asiyeridhika na mfumo huo lazima awe na kasoro kichwani.

Afrika Mashariki ina mifano yake. Mwaka 1945, serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkamata Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa katika nchi ya Wabukusu, aliyewahimiza watu kuukataa utawala wa Wazungu, na ikampeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alikaa huko hadi mwaka 1947. Kenya ilipopata uhuru, serikali mpya nayo haikumvumilia, ilimtia gerezani. Ulimi uliowasumbua wakoloni uliwasumbua na wenyeji.

Mkuu wa Mathari kwa miaka mingi alikuwa daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha andiko lake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alilinganisha namna Mwafrika anavyofikiri na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha andiko lake jingine, la kueleza saikolojia ya Mau Mau. Suala la ardhi, ambalo kila Mkikuyu aliyefukuzwa shambani angeweza kulieleza kwa sentensi mbili, likageuzwa kuwa suala la nafsi zilizokwama kati ya mila na usasa.

Nayaweka haya pamoja kwa sababu wanaharakati wetu wa leo wanapaswa kuyajua. Neno "ana matatizo ya akili" likielekezwa kwa mfanyakazi aliyefichua wizi, kwa mwanafunzi aliyeongoza mgomo au kwa mwanamke aliyekataa kunyamaza, linafanya kazi ileile lililoifanya mwaka 1905. Linaufanya ujumbe usijibiwe kwa kumshughulikia mjumbe.

Sheria tuliyoirithi

Baada ya historia hiyo, mtu anaweza kushawishika kusema: basi tuufute utetezi wa ugonjwa wa akili, kila mtu abebe tendo lake. Hilo lingekuwa kosa. Wapo watu ambao ugonjwa umewatenga kabisa na ufahamu wa matendo yao, na kuwaadhibu hao si haki wala si busara. Mila zetu zililijua hilo kabla ya mahakama. Swali ni namna ya kuwatofautisha.

Sheria yetu ina jibu, na ni jibu bora kuliko linavyosemwa mitaani. Msingi wake wa mbali ni kesi ya Daniel M'Naghten, aliyemuua katibu wa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1843. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 12 kinaanza kwa kumchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo. Kifungu cha 13 kinamwondolea dhima ya jinai yule ambaye, wakati wa kutenda, ugonjwa ulioathiri akili yake ulimfanya asiweze kuelewa anachokitenda, au asiweze kujua kwamba hapaswi kukitenda. Kifungu cha 14 kinasema ulevi, kwa kawaida, si utetezi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama vile mtu aliyeleweshwa bila ridhaa yake.

Tuone kilichomo katika vifungu hivyo. Kwanza, mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeudai ugonjwa. Pili, kuwa na ugonjwa hakutoshi. Lazima ionekane ugonjwa huo ulifanya nini saa ya tendo. Mtu anaweza kuwa na sonona na bado akajua kabisa kwamba kuiba fedha za umma ni wizi. Tatu, kipimo hicho hakitaji cheo, kabila wala rangi. Kichaa cha nchi za joto kingeanguka mbele yake, maana mtu anayechagua nani wa kumpiga anajua anachokitenda.

Nne, na hili ndilo watu wengi hawalijui, anayekubaliwa utetezi huo harudi nyumbani siku hiyo. Mahakama huamua kwamba alitenda, lakini hakuwa na akili timamu, kisha huwekwa chini ya ulinzi ili atibiwe. Wengi wa watu hao tumezoea kusikia wamepelekwa Isanga, sehemu ya Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Huko mtu huweza kukaa muda mrefu kuliko kifungo ambacho angepewa. Utetezi wa kweli una gharama kwa anayeuleta.

Vipimo vya leo

Hapo ndipo tunapopata kipimo cha kwanza kwa ajili ya maisha ya nje ya mahakama. Mkuu wa idara anayesema alimtukana karani kwa sababu ya msongo, je, anaomba likizo, anakwenda kwa daktari, anakubali kupunguziwa madaraka mpaka apone? Kama anataka huruma ya mgonjwa na mamlaka ya mzima kwa wakati mmoja, hicho ni kisingizio. Mtu anayeugua kweli huwa tayari kutibiwa, au ndugu zake huwa tayari kwa niaba yake.

Kipimo cha pili ni mwelekeo wa tendo. Je, ghadhabu hiyo humshukia yeyote, au humshukia mke, mtoto, mtumishi wa ndani na mhudumu wa ofisi tu? Anayejizuia mbele ya mkuu wa mkoa na kushindwa kujizuia mbele ya dereva wake hajashindwa kujizuia.

Kipimo cha tatu ni usawa. Je, maelezo tunayompa mheshimiwa tungempa kijana wa kijiweni? Bodaboda akimpiga abiria, tunasema ni mhuni. Mwenye gari kubwa akimpiga bodaboda, tunasema siku hiyo hakuwa sawa. Hapa ndipo ukoloni ungali unaishi ndani yetu bila bendera.

Kipimo cha nne ni aliyeumizwa. Ugonjwa wa mtendaji, hata ukiwa wa kweli, hauondoi jeraha. Sheria huweza kumsamehe mgonjwa adhabu, lakini haiwezi kumwambia mjane kwamba hakufiwa. Jamii inayomaliza huruma yake yote kwa mtendaji imerudia kosa la magazeti ya Ujerumani, yaliyojua kila kitu kuhusu neva za Peters na karibu hayakujua chochote kuhusu Jagodia.

Naongeza tahadhari kwa wale wanaoona visingizio kila mahali. Wengi wa wenye maradhi ya akili hawamdhuru mtu yeyote. Mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa, kwa kufungwa kamba, kufichwa chumbani, kupigwa mawe, kuachwa njiani. Tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Afya ya Akili, lakini sheria haifiki kijijini yenyewe. Kila kiongozi anayejificha nyuma ya msongo bandia anamfanya mgonjwa wa kweli asiaminiwe atakapoomba msaada. Kwa hiyo kuvikataa visingizio ni sehemu ya kuwatetea wagonjwa. Mambo hayo mawili hayapingani.

Kulitaja tendo

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akasimama katika makumbusho ya Majimaji mbele ya wazao wa walionyongwa, akataja aibu na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Mtu anaweza kuuona msamaha huo kuwa umechelewa, au kuwa hautoshi bila fidia na bila kurejeshwa kwa mabaki ya miili yaliyopelekwa Ulaya. Madai hayo ni ya haki, na yaendelee. Hata hivyo, kuna jambo ambalo halikuwamo katika msamaha huo. Halikutajwa joto, wala homa, wala upweke wa maofisa, wala ushirikina wa Wangoni. Lilitajwa tendo, wakatajwa watendaji, wakatajwa waliotendewa.

Ilichukua zaidi ya miaka 117 kufika kwenye sentensi hiyo. Ofisi zetu, kamati zetu za nidhamu na mabaraza yetu ya ukoo hayahitaji muda wote huo. Mtu akikosa, tulitaje tendo kwanza na aliyeumizwa asikilizwe kwanza. Kisha, kama kuna ugonjwa, aitwe daktari, na jibu lake lipokelewe kwa mkubwa na mdogo kwa kipimo kimoja. Walionyongwa hapa tarehe 27 Februari hawakupewa kipimo hicho, na kila mwaka tunapoweka mashada juu ya kaburi lao tuna sababu ya kujiuliza kama sisi tunawapa wengine.